Kabla hujajaza 'Muziki' kwenye KUCCPS, panda matatu ukakisikilize chuo

Gredi imetoka, mfumo wa KUCCPS uko wazi, na nyumbani kila mtu ana maoni. Mjomba anasema ualimu. Shangazi wa Nairobi anasema uuguzi, kwa sababu Uingereza inachukua wauguzi. Mathe amenyamaza tu, lakini unajua anaomba usilitaje lile neno. Na wewe tayari umelitaja: muziki.

Makala hii ni yako, wewe uliyelitaja. Kama muziki ni kazi au si kazi, hilo sitakubishia, kwa sababu ukiishi Kisumu jibu unalo. Wikendi yoyote ile, kuna bendi inabeba spika kwenda matangani Seme au Nyakach. Kuna kijana anayepiga kinanda kanisani Jumapili asubuhi na hotelini Ijumaa usiku. Kuna mwalimu wa kwaya anayeitwa na shule tatu muhula wa pili, tamasha la muziki linapokaribia. Hawa wote wanakula kwa muziki, wengine vizuri, wengine kwa shida, kama ilivyo kwa watu wa kazi nyingine zote.

Swali gumu ni lingine: ukiamua kusomea muziki, usomee wapi? Na hapo ndipo wengi huchagua gizani. Wanaangalia jina la chuo, wanaangalia picha za siku ya mahafali, wanajaza. Miaka miwili baadaye unamkuta msee yuko mwaka wa pili, anasomea gita, na hajawahi kufundishwa na mtu anayepiga gita.

Mimi mwenyewe chuo niliacha mwaka wa pili, pesa za nyumbani zilipoisha. Kozi haikuwa ya muziki. Nasema hivyo ujue kwamba sijaja kukuuzia digrii. Ninachokijua ni kwamba nyumbani wakiuza ng'ombe ili usome, ng'ombe harudi. Kwa hivyo tuangalie vizuri anauzwa kwa ajili ya nini.

Chuo kikali ni kikali kwa nani?

Watu husema "chuo fulani kina muziki mkali" kana kwamba muziki ni somo moja. Si somo moja. Jiulize kwanza wewe ni nani kati ya hawa.

Kuna anayetaka kuwa mwalimu wa muziki shuleni. Kuna mpigaji, anayetaka mikono yake au sauti yake iwe kali kiasi kwamba hakuna bendi itakayomkataa. Kuna mtunzi na mwongoza kwaya, anayesikia sauti nne kichwani kabla kwaya haijafungua mdomo. Kuna wa studio, anayependa maikrofoni, kompyuta na spika kuliko jukwaa. Na kuna mtafiti, yule anayetaka kujua kwa nini benga inapigwa hivyo na nani alianza.

Chuo kinachomfaa mwalimu kinaweza kumchosha mpigaji. Chuo chenye studio nzuri kinaweza kukosa mtu wa kukufundisha kuimba. Ukijua wewe ni nani, tayari umepunguza orodha yako nusu.

Na kwa wewe wa ualimu, kuna jambo moja uliweke akilini mapema. Kwa miaka mingi TSC imekuwa ikitaka mwalimu wa sekondari awe na C+ ya jumla, na C+ katika masomo mawili anayofundisha, kwenye KCSE yenyewe. Sasa, shule nyingi za kwetu hazifundishi Muziki kabisa. Kama hukufanya karatasi ya Muziki, ile ya kodi 511, unaweza kusoma miaka minne ukatoka na digrii ya elimu, halafu ukagongwa mlango wa usajili. Peleka cheti chako ofisini uulize kabla ya kujaza, si baada ya kuhitimu.

Majina utakayoyasikia

Ukiwa Kisumu, jina la kwanza kutajwa ni Maseno. Chuo Kikuu cha Maseno kiko kilomita kama 25 kutoka mjini, barabara ya Busia, pale mstari wa ikweta unapopita. Kilianza 1990 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, kikawa chuo kikuu kamili 2001. Muziki unafundishwa huko pamoja na sanaa za maonyesho. Faida yake kwako si ya kubahatisha: unaweza kukaa nyumbani ukienda na kurudi, na uko katikati ya muziki ambao watafiti wengine wanapanda ndege kuufuata. Hilo tutalirudia.

Jina la pili ni Kenyatta, Nairobi. Idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ni ya siku nyingi, na walimu wengi wa muziki nchini wamepita pale. Mtu wa huku kwetu, Profesa Washington Omondi, alikuwa miongoni mwa walioujenga usomi wa muziki Kenya. Shahada yake ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha London, 1980, aliiandika kuhusu nyatiti. Ndiye pia aliyeongoza tume ya muziki ya rais ambayo ripoti yake ilitoka 1984, na kutokana nayo ikazaliwa Permanent Presidential Music Commission mwaka 1988. Kwa hivyo mtu akikwambia nyatiti si kitu cha kusomea chuoni, mwambie kuna aliyeisomea miaka zaidi ya 40 iliyopita akaishia kuishauri serikali.

Kuna Technical University of Kenya, ile iliyokuwa Kenya Polytechnic, katikati ya Nairobi. Kuna Kabarak, nje kidogo ya Nakuru, chuo cha kibinafsi chenye digrii ya muziki. Kuna Daystar, cha kibinafsi pia. Halafu kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1944. Hii si chuo kikuu. Ni shule ya muziki: unaenda kujifunza ala au sauti na mwalimu wako. Kwa mpigaji, saa moja kila wiki na mwalimu anayekukosoa vidole inaweza kukujenga kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Na usisahau kwamba Kisumu ni mji wa Afrika Mashariki. Kwenda Kampala kupitia Busia si safari ndefu kuliko kwenda Nairobi. Makerere ina idara ya sanaa za maonyesho, na Kyambogo inafundisha muziki. Tanzania kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilichoanza 1981, ambako ngoma, muziki na uigizaji vinafundishwa kwa vitendo. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa 2002, ambako taarab inafundishwa kama taaluma: udi, kanuni, fidla. Kama roho yako iko kwenye taarab, hiyo ndiyo anwani yako.

Ng'ambo je? Eric Wainaina alisoma Berklee, Boston, akarudi Kenya akaendelea na kazi. Inawezekana. Lakini bila ufadhili, karo ya Marekani si ya kuuza ng'ombe mmoja, wala boma zima. Omba ufadhili kwa bidii, ila usiache mwaka upite ukingoja barua pepe.

Hesabu ya kinanda

Sasa tuingie kwenye kitu ambacho tovuti ya chuo haitakwambia.

Muziki ni kama mpira. Huwezi kuujua kwa kusoma daftari. Kinachokufanya uwe mpigaji ni saa unazokaa na ala peke yako, ukirudia pale pale ulipokosea mpaka mkono uzoee. Kwa hivyo swali la kwanza kuuliza chuo chochote ni hili: nitafanyia mazoezi wapi, na kwa saa ngapi?

Fanya hesabu hii ya mfano. Idara ina vinanda 4 vinavyofanya kazi na wanafunzi 40 wanaovihitaji. Chumba kinafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Hiyo ni saa 9 kwa kila kinanda, jumla saa 36 kwa siku. Gawa kwa watu 40: unapata dakika 54. Na hapo ni kama hakuna anayeenda darasani, hakuna anayechelewa, na kinanda hakijaharibika. Ukitoa saa za masomo, unabaki na nusu saa kwa bahati.

Sasa chukua chuo kingine chenye vinanda hivyo hivyo 4, lakini wanafunzi 20, na chumba kinafungwa saa nne usiku. Saa 14 mara 4 ni 56, gawa kwa 20: karibu saa tatu kila mtu. Katika miaka minne, tofauti ya wanafunzi wa vyuo hivi viwili itasikika hata kwa mtu asiyejua do wala re. Na kwenye karatasi, huenda kile cha kwanza ndicho chenye jina kubwa.

Ndiyo maana nakwambia usijaze kabla hujaenda. Kwa Maseno, hiyo ni nauli ya matatu ya Busia na asubuhi moja. Shuka, uliza idara ya muziki iko wapi, halafu kabla hujaongea na mtu, simama nje usikilize. Ni siku ya masomo, saa tano asubuhi. Unasikia mtu akipiga skeli? Kuna sauti ya mtu anayefanya mazoezi ya koo? Kuna bendi inayorudia wimbo mmoja mara ya kumi? Idara hai ina kelele. Kama pako kimya kama maktaba, uliza kwa nini. Labda ni wiki ya mitihani. Labda ni mgomo wa wahadhiri. Au labda ndivyo palivyo kila siku.

Ukifika, uliza haya

Usiogope kuuliza. Wewe ndiye utakayelipa. Nenda na heshima zako, salimia vizuri, sema umekuja kuangalia kabla ya kuomba nafasi. Walimu wengi watafurahi, kwa sababu wanaokuja kuangalia ni wachache.

Uliza nani anafundisha ala yako. Si "mnafundisha gita?" Jibu la hilo litakuwa ndiyo. Uliza jina la mwalimu, anafundisha siku gani, na kama ni mwajiriwa au anaitwa mara moja moja. Na uliza kama unaweza kumsikia akipiga.

Uliza kama somo la ala ni la mtu mmoja mmoja au la kundi. Darasa la gita la watu 25 si somo la gita.

Uliza kama kuna bendi, kwaya au okestra ya chuo, na walipiga wapi mara ya mwisho. Kama mara ya mwisho ilikuwa mahafali ya mwaka jana, umejua. Uliza pia kama mwanafunzi anatakiwa kupanda jukwaani peke yake mbele ya watu kabla ya kuhitimu. Chuo kinachokulazimisha kupiga mbele za watu kinakutayarisha kwa kazi yenyewe.

Kama wewe ni wa studio, omba kuiona. Usiangalie ukubwa wa meza ya mitambo. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anairuhusiwa lini kuigusa, na stima ikipotea inakuwaje. Studio inayofunguliwa wageni wakija ni maonyesho.

Uliza kama biashara ya muziki inafundishwa: mikataba, hakimiliki, namna ya kusajili wimbo. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na kuna mashirika ya kukusanya mirabaha. Wanamuziki wengi wa ziwani wamekufa maskini huku nyimbo zao zikichezwa kila baa kutoka Kondele hadi Homa Bay. Kijana anayetoka chuoni bila kujua kusoma mkataba atapita njia hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yeye atakuwa na kofia ya mahafali.

Uliza kama kozi imeidhinishwa. Digrii huidhinishwa na CUE, vyuo vya ufundi husajiliwa na TVETA. Hakikisha kozi yenyewe iko kwenye orodha, si chuo tu.

Halafu, ukishaongea na wakubwa, tafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya kuingia, wa mwaka wa nne wanawaza kutoka. Wa mwaka wa tatu atakwambia ukweli. Mnunulie chai na mandazi, muulize jambo moja: "Wewe ungeanza upya leo, ungekuja hapa?" Usimsaidie kujibu. Ngoja.

Ziwa nalo ni darasa

Sasa turudi kwa lile jambo la Maseno na muziki unaotuzunguka.

Wewe umekulia kwenye eneo ambalo lina ala zake. Kuna nyatiti, yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji huiketia chini, akavaa njuga za gara mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ile oduong'o, akiigonga kwenye ubao wa ala yenyewe. Mtu mmoja anapiga nyuzi, anapiga mdundo, anaimba, vyote kwa pamoja. Kuna orutu, uzi mmoja na upinde, lakini unalia kama mtu. Kuna ngoma za ohangla, ambazo kwa asili ziliwambwa ngozi ya kenge. Na kuna benga, ambayo ni gita lililofundishwa kuongea kama nyatiti: noti moja moja, kwa kasi, besi ikikimbia chini yake.

Huu ni muziki wa kusomewa. Na kuna waliotoka mbali kuusomea. Miaka ya 2000 dada mmoja Mjapani, anayejulikana kwa jina la usanii Anyango, alitoka Tokyo akaja kuishi kijijini Siaya ajifunze nyatiti kwa mzee fundi, Okumu K'Orengo. Nyatiti kwa mila ilikuwa ya wanaume. Aliteka maji, akafanya kazi za boma, akafundishwa. Leo anaipiga duniani kote. Omera, kutoka Kisumu hadi Siaya ni safari ya asubuhi moja. Yeye alitoka Japani.

Ayub Ogada naye aliibeba nyatiti mpaka London, akaipiga mitaani miaka ya 1980, akatoa albamu ya En Mana Kuoyo mwaka 1993. Wimbo wake Kothbiro ulisikika kwenye filamu ya The Constant Gardener, ya 2005. Alifariki Februari 2019 kule Nyahera, hapa hapa Kisumu. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na akawa jina kubwa la benga, alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Mzee wa namna hiyo akiondoka, anaondoka na namna ya kufunga nyuzi, namna ya kuanza wimbo, mafumbo, majina ya aliowafundisha. Kama hakuna kijana aliyekaa naye na kinasa sauti, basi.

Baadhi wamejaribu kuokoa. Tabu Osusa na shirika lake la Ketebul Music walizunguka wakikusanya historia ya benga, wakatoa kitabu pamoja na muziki wenyewe mwaka 2008. Kazi kama hiyo haijaisha. Bado kuna wapigaji wa orutu vijijini ambao hakuna aliyewahi kuwarekodi.

Kwa hivyo ongeza swali kwenye orodha yako: chuo hiki kinaiweka wapi nyatiti? Iko ukutani kama pambo, au kuna siku mzee anakuja kufundisha na analipwa? Kuna mwanafunzi anayeweza kufanya mtihani wake wa ala kwa orutu? Ukipata chuo kinachokufundisha kusoma noti za Mozart na pia kukupeleka Siaya kukaa na fundi, umepata kitu ambacho Boston hawana.

Usidharau upande wa noti, lakini. Kwaya nyingi za huku tunaimba kwa sol-fa, do re mi, na wengine tunaisoma haraka sana. Lakini chuoni, studio, na kwenye nyimbo nyingi za lazima za tamasha la shule utakutana na mistari mitano. Tamasha hilo limekuwapo tangu 1927, na kila mwaka shule zinatafuta watu wanaoweza kuchukua karatasi mpya Jumatatu na kuwa na kwaya inayoimba Ijumaa. Ukijua sol-fa na mistari mitano, na ukaweza kupanga ngoma ya kienyeji kwa jukwaa, muhula wa pili hutakaa bila kazi.

Gredi ikikataa, pesa zikikataa

Tuseme umepata C ya kawaida. Digrii inahitaji C+. Usilie. Diploma huanzia C-, na cheti chini ya hapo. Ukimaliza diploma vizuri, unaweza kupanda hadi digrii baadaye. Kuna pia mitihani ya ABRSM ya Uingereza, Gredi ya 1 hadi 8, inayofanyiwa Kenya pia. Mtihani huo haujali ulipata nini KCSE. Unapima unachoweza kupiga na kusoma. Na vyuo vingi huuangalia mtu anapoomba nafasi bila Muziki wa KCSE. Ukianza Gredi ya kwanza mwaka huu na mwalimu mzuri, mwaka wako wa kungoja haujapotea.

Kuhusu pesa, kaa chini na wazazi na kalamu. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unagawa gharama ya kozi kati ya skolashipu ya serikali, mkopo wa HELB na mchango wa familia, kulingana na kundi ulilowekwa. Chuo cha kibinafsi unaweza kuombea mkopo, lakini ile skolashipu hupati. Halafu ongeza vile vitu ambavyo havimo kwenye barua ya karo: ala yako mwenyewe, nyuzi, headphone, nauli, kodi ya chumba, chakula. Nairobi, kodi na chakula vinaweza kuumiza kuliko karo. Hapo ndipo chuo kilicho nusu saa kutoka kwenu Nyalenda au Manyatta kinaanza kuonekana tofauti. Zile pesa za kodi ya Nairobi zinaweza kununua kinanda na kumlipa mwalimu wa ziada kila wiki kwa miaka miwili.

Hata hivyo, usikae nyumbani kwa sababu ya woga tu. Kama ala yako haina mwalimu Maseno na ina mwalimu Nairobi, ada ya kukaa karibu ni kwamba utabaki ulivyo. Mpigaji anamfuata mwalimu.

Na kwa mjomba, usimpe hotuba kuhusu ndoto. Mpe karatasi. Andika jina la kozi, mwalimu wa ala yako, saa za mazoezi, gharama ya miaka minne, kazi tatu unazoweza kuanza kufanya ukiwa bado mwaka wa pili, kama kufundisha kwaya, kupiga kanisani na kurekodi matangazo. Wazee wetu hawachukii muziki. Harusi zao zilipigwa benga na matanga yao yatapigwa ohangla. Wanachokiogopa ni mtoto aliyeenda bila mpango. Ukionyesha umefika chuoni, umeuliza, umehesabu, mazungumzo yanabadilika. Huenda asikubali siku hiyo. Lakini atakuwa na kitu cha kusoma usiku.

Dirisha la KUCCPS halikai wazi milele, kwa hivyo panga wiki mbili. Ya kwanza, tembelea chuo kilicho karibu na upigie simu viwili vya mbali. Ya pili, ongea na wanafunzi watatu wa mwaka wa tatu na mwanamuziki mmoja anayelipwa hapa mjini. Halafu jaza. Weka kwanza chuo chenye mwalimu wako na saa zako, hata kama jina lake halipigi kelele. Na usiku ule ule uliojaza, chukua ala yako ufanye mazoezi ya saa moja, kwa sababu wakikuita kwenye usaili hawatakuuliza ulichagua vipi. Watakwambia tu: haya, piga tusikie.